Yah: Kupungua kwa Makombo Katika Mgahawa wa Fransiska

Tadei, mfuga nguruwe,
Pito, Sumbawanga.

Ndugu Mwezeshaji,

Natumaini ulirudi kwako salama baada ya kuendesha ile semina ya migahawa na utunzaji wa mazingira hapa mjini. Sisi tulioachiwa matokeo yake hatujambo kidogo.

Mimi ni mgane, mkazi wa Pito. Kwa miaka minne, kila siku saa tisa alasiri, nimekuwa nikipeleka ndoo tupu mlango wa nyuma wa mgahawa wa Bi Fransiska na kurudi nayo imejaa makombo ya kumlisha nguruwe wangu. Tangu semina yako, ndoo inarudi kama ilivyokwenda. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulimfundisha kupakua kwa kipimo, na anayetaka zaidi aongezewe. Sasa watu wanamaliza chakula. Juzi nilishuhudia dereva wa lori la mahindi kutoka Mpui akifuta mchuzi wa maharage kwa tonge la mwisho mpaka maua ya sahani yakaonekana. Nilijisikia vibaya.

2. Anayeshindwa kumaliza anaambiwa aje na hotipoti yake. Karani mmoja wa Namanyere alifungasha nusu ya mgebuka akapanda nayo basi. Nusu ya samaki ile, kwa utaratibu tuliouzoea, ilikuwa yangu.

3. Maganda ya viazi ulisema yafanywe mboji. Bi Fransiska, ambaye kwao ni Geita, akaniuliza mboji ndiyo nini. Hapa nakiri kosa. Badala ya kunyamaza, nilijigamba kwamba sisi Wafipa kufukia majani kwenye tuta la ntumba yaoze, kisha kulisambaza shambani mvua zikikaribia, ni jambo tulilolikuta kwa bibi zetu. Nikashika jembe, nikamwinulia ntumba nne nyuma ya jiko, ingawa haukuwa msimu wake. Maganda yote sasa yanaingia humo. Nimejinyang'anya mwenyewe, lakini chanzo ni wewe.

4. Jiko banifu. Zamani moshi ulikuwa ukimtoa nje kila baada ya dakika chache, akakaa kwenye kigogo kupangusa macho, tukazungumza habari za mvua, za wanawe, na za goti langu. Sasa jiko halitoi moshi na yeye hatoki. Najua moshi si makombo. Naomba uhesabiwe hivyo hivyo.

5. Jumatatu alichungulia tu mlangoni akasema, "Mzee Tadei, leo sina cha kukupa. Usijisumbue kuja kesho." Ndugu Mwezeshaji, neno hilo limeniuma sana. Nilirudi Pito kwa miguu na sikumsalimia mtu njiani.

Kwa hiyo naomba uandae semina ya pili, ya kufundisha ubakizaji. Kila mteja aache walau robo ya sahani. Kuni mbichi ziruhusiwe mara mbili kwa wiki. Na ndoo yangu itambuliwe rasmi kuwa chombo cha mazingira, maana imetumika miaka minne bila kutupwa.

Wasalimie wote ofisini kwenu, pamoja na dereva wako aliyekula sahani tatu siku ya semina bila kuacha hata mfupa.

Ni mimi, mwenye ndoo,
Tadei.

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nimepita kwa Bi Fransiska kumsomea barua hii, asije akasema nimemsema pembeni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nguruwe yupi? Si yule niliyempika mwenyewe Pasaka?" Ni kweli. Nilimuuza kwa Yonas mchinjaji, nyama ikaishia jikoni kwa Bi Fransiska, na tangu hapo makombo yanaliwa na mbwa wa jirani yangu Enock. Kumbe miezi yote ile alikuwa akinijazia ndoo huku akijua. Amesema mvua zinakaribia na ntumba zinahitaji mtu wa kuzisambaza, hivyo kesho niende na jembe, ndoo niiache nyumbani. Malalamiko yote nimeyafuta. Barua naituma kwa sababu stempu nimeshaibandika, na ukirudi kwa semina ya pili, sisitiza sana mboji.