Samaki Taa Ndani ya Nguo ya Sherehe

Jumatatu, 4 Novemba
Mwalimu wa ukumbi wa kijiji kasema sisi vikongwe tuandike kila siku, vidole visilale. Haya, naandika: naogopa! Jumapili naenda Seoul, mara yangu ya kwanza, kuonana na wazazi wa mchumba wa mjukuu wangu Bora. Mama wa kijana anafundisha chuo kikuu. Mimi mikono yangu kama tangawizi. Nikiharibu, Bora ataachwa.

Mwanangu Sangcheol, baba yake Bora, kapiga simu: kama Mama anaogopa, abaki tu, watu wataelewa. Niogope mimi? Nikamwita mpumbavu. Bora wangu nilimbeba mgongoni mpaka akaanza kukimbia, leo nibaki? Simu ilipokatika nikakaa chini.

Jumanne, 5 Novemba
Jirani yangu Bi Haenam ameshafika Seoul, basi hatupumui. Eti huko ngazi zinatembea zenyewe na zinameza viatu. Mwongo! Nikaenda mjini Mokpo kwa siri, kwenye duka kubwa, nifanye mazoezi. Nikaweka mguu mmoja. Nikashtuka, nikauvuta. Kiatu kikapanda ghorofani peke yake, kimenyooka kama mheshimiwa. Na nani yuko juu ananunua soksi? Bi Haenam. Kakipokea yeye. Kijiji kizima kinajua.

Alhamisi, 7 Novemba
Dawa nimeipata: samaki taa! Kwetu karamu bila taa aliyevundikwa si karamu, ni watu wamekaa na njaa yao. Wangu yuko kwenye mtungi, kwenye majani makavu ya mpunga. Amekolea huyo! Ukimtafuna, pua inafunguka mpaka kisogoni. Wakwe wakimla huyu, nani ataangalia mikono yangu?

Sangcheol kapiga tena, utadhani kanusa. Kanisihi nije na chochote, ila si taa. Watu wa Seoul hawamwezi. Nikasema sawa, mwanangu.

Jumamosi, 9 Novemba
Nimemfunga taa kwenye mifuko ya plastiki, nikamviringisha ndani ya hanboki, nguo yangu ya sherehe, nikasukumia chini ya begi. Nani atapekua nguo za bibi kizee? Nikamwita Bi Haenam anuse. Kanusa weee! Kasema hamna kitu, dada, inanukia kama nyumbani kwako tu.

Jumapili, 10 Novemba
Nilivaa hanboki kwenye choo cha treni. Kumbe watu wa mjini wana adabu! Nilipokaa, abiria wa kando yangu kaniachia kiti chake. Wa mbele naye kanyanyuka. Mwisho behewa karibu lote langu.

Mkahawani mama wa kijana akatoa leso, akajifuta macho. Nikadhani ana uchungu wa mwana. Mhudumu akafungua dirisha. Novemba hii! Sangcheol akaninong'oneza: "Mama, ni wewe." Mimi nini? "Unanuka!"

Basi nimemwachisha Bora wangu, nimemwachisha kwa mikono yangu mwenyewe. Nikashindwa hata kuinua uso.

Bora akaangua kicheko. Akanikumbatia na uvundo wangu, akawaambia wakweze huu ndio mgongo aliolalia, asiyeutaka na yeye hamtaki. Nikaona basi, aibu imeshaingia, samaki naye aingie. Nikamtoa begini. Yule kijana, Gyuseok, akatia kipande mdomoni. Uso mwekundu! Machozi tiriri! Akameza.

"Bibi, nipe kingine."

Mama yake akacheka mpaka akaegemea meza, akaonja na yeye. Siku ya harusi imepangwa palepale.

Jumatatu, 11 Novemba
Harusi ni Aprili, hukohuko Seoul. Sangcheol kaniapisha: safari hiyo Mama aje mikono mitupu, akae, atabasamu. Nimeapa. Lakini ukumbi wote ule wa wageni, na nyama eti vipande vyembamba kama karatasi! Watasema bibi harusi hana kwao.

Nimeongea na Bi Haenam. Nguruwe tumeshamchagua. Mpole. Kesho tunaanza kumzoesha kupanda gari bila kupiga kelele.