Malalamiko Kuhusu Sauti ya Baba Mkwe Inayotoka Makumbusho

Kwa Mwalimu Prisca,
Katibu, Kamati ya Makumbusho ya Ngoma na Nyimbo za Kwetu,
Ibighi, Tukuyu.

Mwalimu, shikamoo. Natumaini wewe na wa nyumbani kwako hamjambo na mvua hizi. Mimi na mtoto tu wazima ila tumechoka, na huko kuchoka ndiko kulikonifanya niandike.

Kwanza ombi dogo. Kwenye kikao, barua hii uisome wewe. Mwenyekiti asiisome. Akiisoma yeye kwa sauti na mimi nipo jikoni, itabidi niikimbie barua yangu mwenyewe.

Unajua mwenyekiti ni baba mkwe wangu, na jina lake siliandiki wala silitamki. Nililelewa Suma na bibi yangu Atuganile, naye alinifunda kikwetu: mkamwana hakutani na baba mkwe. Ukimsikia anakuja unajifunika kanga unampisha, na kama una ndoo kichwani unapisha na ndoo yako. Wenzangu wengi wa mjini wameshaacha. Mimi sijaacha, yeye hajaacha, na tumeishi vizuri, yeye nyumba ya mbele, mimi na mume wangu Erasto nyumba ya nyuma. Akitaka kupita uani anakohoa kwanza, mimi naingia kwenye migomba, anapita, narudi kwenye sufuria. Hatujawahi kugombana. Tungegombania wapi?

Kisha chumba chake cha mbele kikawa makumbusho. Siyapingi. Ngoma zile, njuga, vibuyu vya kupulizia, na lile zeze la ubao ambalo wazee wanaliita ipango, vyote vingeliwa na mchwa. Ninachopinga ni namna yanavyokua, maana kila kamati ikipata hela, mimi napoteza njia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kitufe. Hela ya kwanza ilinunua spika, na Erasto, kwa kuwa ni fundi umeme, akaifunga. (Yeye nimeshamalizana naye nyumbani, kamati isijisumbue.) Mgeni akibonyeza, sauti ya baba mkwe inasema: "Karibu sana. Sogea, sogea karibu, usiogope." Mwalimu, hayo ndiyo maneno ambayo mimi siruhusiwi kabisa kuyatii. Baba mkwe mwenyewe anaweza kuwa msibani Kyela, lakini sauti ipo, na bibi hakunifundisha kubagua sauti yenye mtu na sauti isiyo na mtu. Wanafunzi wakija, kila mmoja anataka kubonyeza. Siku hiyo maharage yanaungua. Jirani yangu Arafa, fundi cherehani, alinikuta nimechuchumaa kwenye migomba na mwiko mkononi, akacheka mpaka akashika mti. "Shoga, wenzio wanakimbia nyoka. Wewe unakimbia redio!"

2. Kikohozi. Nilimtuma Erasto awaambie kwamba baba mkwe hukohoa kabla ya kupita, spika haikohoi. Kamati, kwa nia njema, ikaongeza kikohozi mwanzoni. Sasa nakimbia mara mbili, mara kwa kikohozi, mara kwa karibu sana. Na wageni wanadhani mzee anaumwa. Wanamletea asali na tangawizi. Juzi akina mama wa kwaya wamekuja kumwombea.

3. Picha. Hela ya pili ilitengeneza bango la getini lenye picha yake, kubwa kuliko yeye mwenyewe, na macho yanamfuata mtu. Getini sipiti tena. Nikienda sokoni napenya uani kwa Arafa na kutokea chumba chake cha kushonea, na kwa adabu inanibidi niwasalimie wateja wanaopimwa. Wengine hawajajiandaa kusalimiwa.

4. Kifaa. Hela ya tatu iliondoa kitufe na kuleta kifaa kinachojiwasha mtu akipita. Mnasema ni maendeleo. Kifaa hicho hakijui mtu ni nani. Kuku akipita, karibu sana. Mbuzi akipita, sogea usiogope. Mbuzi alisogea kweli, ndiyo maana njuga zile hazina kamba.

5. Hili ndilo kubwa. Siku wafadhili walipokuja kutoka Mbeya mjini, nilikuwa nimeingia makumbusho kufuata kinu changu, kilichochukuliwa bila kuniuliza kikabandikwa karatasi, "Kinu: ala ya mdundo". Nikiwa nakiinua nikasikia kikohozi. Nikajisemea, ni kile kifaa. Kumbe safari hii alikuwa mwenyewe, wageni nyuma yake, na mlango ni mmoja. Nikajifunika kanga mpaka usoni, nikasimama kando ya ngoma kubwa, mwanangu Lulu mgongoni, pumzi nimeibana. Mgeni mmoja akasema, "Huyu mama wamemtengeneza vizuri sana." Lulu akapiga chafya. Yule mgeni akaruka: "Ana hata mtambo wa sauti!" Baba mkwe naye, kwa heshima zake, aligeukia ukutani, akawaeleza historia ya ukuta ule kuanzia tofali la kwanza. Mwalimu, ule ukuta hauna historia. Erasto aliupiga plasta mwaka jana.

Wageni wakafurahi, wakaahidi fedha. Na sasa nasikia kamati imependekeza mkamwana awe anaonyeshwa kila Jumamosi.

Nakataa. Kwa heshima zote, lakini nakataa. Mimi si ala. Nataka kupika, kufua na kukaa chini kwenye uwanja wangu kama mtu. Tangu nijifungue sijakaa chini nikatulia. Nikigusa kigoda tu, kuku anapita.

Msinielewe vibaya, siombi makumbusho yafungwe. Naomba yakue. Yakue haraka, yakue kupita kiasi, mpaka yasienee hapa, yahamie kwenye kiwanja chake mbali na jiko langu. Waandikieni wafadhili kwamba chumba hakitoshi. Nyimbo za Suma zipate chumba, za Kyela zipate chumba, ngoma za harusi ambazo wazee wa akina Arafa walikuja nazo kutoka pwani zipate chumba na baraza. Jengeni ghorofa, baba mkwe akae juu kabisa, spika ielekezwe Malawi. Harambee mkiitisha nitatoa mikungu ya ndizi, nitapikia mafundi, nitabeba tofali kichwani na Lulu mgongoni. Hata kinu chukueni, mradi kiondoke na sauti.

Niishie hapo kwa leo, maana naona kuku anaelekea mlango wa mbele na huenda nikahitajika kwenye migomba. Nisalimie mweka hazina, Ndugu Wilson, na akina mama wa kwaya, na wajumbe wote. Baba mkwe msimpe salamu zangu moja kwa moja. Mwambieni tu kuna mtu nyumba ya nyuma anamheshimu sana.

Mimi niliye tayari kupisha njia wakati wowote,
Tulinagwe, Mama Lulu.

Nyongeza: Mwalimu, barua hii ilichelewa kwa sababu ya mvua, na mvua hiyo hiyo imeangusha nguzo ya umeme. Makumbusho yako kimya tangu jana asubuhi. Nikasema sasa nitapumzika. Tangu jana asubuhi Lulu analia. Tumempa uji, hataki. Baba yake amemwimbia, ndiyo akazidisha. Arafa amembeba amezunguka naye mtaa mzima. Leo mchana baba mkwe alikuwa barazani kwake anaongea na mgeni, kwa mdomo wake mwenyewe, na Lulu akanyamaza, akasikiliza, akalala. Kumbe muda wote huu babu ndiye aliyekuwa akimbembeleza, na sisi wote hatukujua, wala yeye hajui.

Kwa hiyo ghorofa lisubiri. Makumbusho yabaki hapo hapo, na umeme ukirudi Erasto avute waya, spika ya pili ifungwe dirishani kwetu, tena ile kubwa. Mimi msinifikirie. Sauti ikianza nitakuwa kwenye migomba, nimekaa, peke yangu, na mtu hawezi kuniita mpaka iishe. Ila maelezo ya sasa ni mafupi mno. Mwambieni baba arekodi upya, na safari hii asiharakishe.