Nyuzi Ishirini na Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Kiwanja ni chetu! Yaani, karibu kiwe chetu. Shemeji, kaka wa mke wangu, ametumegea kipande cha shamba lake kule mlimani. Sharti moja tu: nipate kibali cha kujenga kabla ya Jumapili. Nisipopata, anapanda miti. Miti! Mtu mzima nashindanishwa na miche.

Mke wangu kanikazia macho. Miaka sita tunalala chumba cha nyuma kwa mama yake. Cherehani yangu iko barazani, na kila nikikanyaga pedali mama mkwe anakohoa. Hasemi kitu. Anakohoa tu. Mke wangu amesema amechoka kunong'ona ndani ya ndoa yake mwenyewe, nisije nikaharibu na safari hii. Limenichoma neno lile.

Nimepita ofisi ya mji kusoma kanuni ubaoni. Ni marufuku kujenga penye mteremko unaozidi asilimia thelathini. Eti udongo hushuka. Tangu lini? Mkaguzi wa majengo atakuja kupima Ijumaa.

Jumanne, 5 Machi

Sihitaji mkaguzi. Nimenunua kipimapembe cha shule, nikakifunga uzi na kifungo kizito cha koti, nikapanda mlimani kupima mwenyewe. Nyuzi ishirini na mbili! Ishirini na mbili na thelathini, ipi kubwa? Nimeshuka naimba.

Nikamtangazia hadi jirani wa chini, mwalimu mstaafu ambaye jiko lake limegusana na mpaka wa kiwanja. Mtaa mzima unamwita Desimali. Alicheka mpaka akashika ua. Anadai nyuzi si asilimia, na kwamba nyuzi ishirini na mbili ni asilimia arobaini na kitu. Mimi! Fundi cherehani wa miaka ishirini, niambiwe sijui nyuzi! Wivu huo. Hataki majirani wa juu.

Jioni kaja yule mama wa kitambaa cha njano chenye maua. Analalamika mikono ya gauni imeishia kwenye viwiko, na yeye alileta mita nne nzima. Nimemwelewesha kwamba vitambaa vya siku hizi vikilowa vinarudi, vinafupika. Kaondoka akisema atamwambia mumewe. Amwambie. Waume za watu wanajua nini kuhusu mikono ya magauni?

Jumatano, 6 Machi

Nimemuuliza karani wa ofisi ya mji, kwa kuzunguka zunguka, kama nyuzi na asilimia ni ndugu. Si ndugu. Desimali alisema kweli, Mungu amsamehe.

Sikukata tamaa. Suruali ikibana huitupi, unaachia mshono. Kwa hiyo: napunguza udongo juu, kiunoni, naongeza chini, kwenye pindo. Mteremko unalala wenyewe. Nimechimba saa mbili. Malengelenge tisa, na kichuguu ambacho hata mchwa wangekionea aibu.

Ndipo nikakumbuka magunia yangu. Mabaki ya vitambaa, ya wateja wa miaka yote, magunia ishirini na matatu chini ya kitanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama, mgongo ukalia kwaa! Mama mkwe aliponiona nayatoa hakukohoa hata kidogo. Nadhani alitabasamu.

Alhamisi, 7 Machi

Magunia yote yamepangwa nyuma ya jiko la Desimali, yakafunikwa udongo, na juu nimepandikiza majani. Unaapa ni kazi ya Muumba. Kipimapembe kinasema nyuzi kumi na sita. Nimemuuliza Desimali, kama fumbo tu, hizo ni asilimia ngapi. Ishirini na tisa kasoro kidogo. Tumepita!

Halafu akauliza uvimbe ule nyuma ya jiko lake ni wa nini. Nikamwambia bustani. Akasema mvua ikinyesha bustani itaingia kwenye sufuria zake, na kwamba kanuni inataka ukuta wa mawe kwanza. Nimemwomba asituchurie, maneno huumba.

Mke wangu ameuliza kama jambo hili ni halali. Nikamwambia ni marekebisho. Akasema ujanja wa nyani huishia jangwani. Nikamjibu hapa hakuna jangwa, ni mlima. Hakucheka.

Ijumaa, 8 Machi

Mkaguzi alifika saa tatu, viatu vinang'aa, na chombo cha miguu mitatu. Akapima. Akapima tena. Asilimia ishirini na tisa! Mke wangu akanishika mkono mbele za watu. Miaka mingi hajanishika hivyo. Nilitaka siku iishie pale.

Haikuishia pale. Mkaguzi aliteremka kukagua kigingi cha chini, akakanyaga pindo langu, akazama hadi goti. Alipouchomoa mguu, kiatu kilitoka kimezungushiwa kitambaa. Kirefu. Cha njano. Chenye maua. Akakikunjua.

"Hiki ni cha mke wangu," akasema polepole. "Kile alichoambiwa kimerudi."

Nikamjibu kwamba ndiyo, mzee, kimerudi, hicho hapo.

Aliyecheka ni Desimali peke yake. Mke wangu aliuachia mkono wangu. Kibali hakuna, na magunia yawe yameondolewa kesho kabla ya saa sita mchana, maana yanahatarisha nyumba ya chini. Watu wa serikali wanapenda kukuza mambo.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nani anabeba magunia mvuani? Nikakaa barazani nashona.

Saa sita Desimali akaja na mwavuli kunigombeza. Tulibishana nusu saa nzima, yeye na asilimia zake, mimi na nyuzi zangu. Katikati ya ubishi tukasikia mshindo. Tulipofika mlimani, pindo lote lilikuwa limeshuka. Ukuta wa jiko umelala, sufuria zimezikwa, na kile kiti anachokalia kila adhuhuri kusoma gazeti kimevunjika chini ya matofali. Alisimama akakitazama kiti. Hakutaja hesabu yoyote.

Niliogopa. Naandika kweli, niliogopa.

Kisha nikapata akili. Nisingebishana naye, si angekuwa amekaa pale? Nimemwokoa! Nimemwambia. Mpaka sasa hajashukuru. Mke wangu amemsaidia kuzoa tope bila kuniangalia, huku machozi yanamtoka. Mama mkwe kamkaribisha Desimali alale chumbani kwetu mpaka nyumba yake iwe salama. Mke wangu analala chumbani kwa mama yake. Mimi niko barazani na cherehani.

Jumapili, 10 Machi

Shemeji kaleta miche arobaini. Mke wangu ndiye aliyemshikia. Mimi nimepewa mawe na chokaa, nijenge jiko la Desimali kwa mikono yangu, na ukuta wa kuzuia udongo juu yake. Desimali mwenyewe anasimamia, na futi yake.

Lakini Mungu si Desimali! Kwa kumwonea huruma dada yake, shemeji ametoa kiwanja kingine, kule bondeni kando ya mto. Tambarare kama meza. Kimeandikwa jina la mke wangu, jambo dogo. Amesema hii ndiyo mara ya mwisho.

Kanuni: nyumba iwe mita thelathini kutoka ukingo wa mto. Nimekwenda kupima. Sehemu pekee ya kujenga iko mita ishirini na sita. Pungufu mita nne! Mkaguzi atakuja na futi yake, ila kumwazima mgeni futi si kosa. Yangu ni ya kitambaa. Ikirudi kidogo tu, ishirini na sita zinasomeka thelathini.

Nimeitia kwenye sufuria, inachemka. Mke wangu kachungulia jikoni, akauliza napika nini. Nikamwambia chai.

Hakusema kitu. Alikohoa tu.