Mkurugenzi Apangiwa Undugu

Ilitangazwa rasmi, kwa spika mbili na tarumbeta moja, kwamba katika mji ule wa kale ugeni umefutwa. Kuanzia siku hiyo hakuna mtu atakayelala katika nyumba ya wageni ya kifamilia akajisikia mgeni. Atakayejisikia hivyo atahesabiwa kuwa amehujumiwa na mwenyeji wake, na mwenyeji atafungiwa nyumba.

Waraka huo uliandikwa na Mkurugenzi wa Ukarimu mwenyewe, mtu mzito wa mwili na wa maneno, baada ya utafiti wa kina alioufanya katika hoteli za nchi za mbali. Utafiti ulibaini kwamba wasafiri wakija huondoka. Kamati ya wataalamu ikakaa kujiuliza kwa nini huondoka, na baada ya vikao vingi na vitafunio vingi zaidi ikagundua chanzo cha tatizo: huondoka kwa sababu ni wageni. Mtu wa nyumbani haondoki. Dawa ikawa inajulikana.

Kwa mujibu wa waraka, kila anayelala apangiwe undugu kabla hajapewa ufunguo. Awe mjomba, awe shangazi, awe binamu, vyovyote vile, mradi ukoo uakisi hali halisi ya jamii. Avuliwe cheo mlangoni, kwa kuwa nyumbani hakuna vyeo. Asibembelezwe. Utekelezaji nao haukuwa wa mchezo. Mama mmoja wa mtaa wa nyuma alifungiwa nyumba kwa kosa la kumbebea mgeni begi; wakaguzi walieleza kitaalamu kwamba ndugu habebewi begi, huonyeshwa ngazi. Mzee mwingine alipewa onyo kali kwa kumwambia mteja "karibu tena", maneno ambayo kwa tafsiri ya kamati yanakiri kwamba mtu amekwenda zake.

Sasa serikali ilikuwa na Waziri mpya, aliyeapishwa juzijuzi na ambaye hakuwa bado ameonana na wakurugenzi wake. Waziri akatamka kwamba Jumamosi atakunywa chai ya asubuhi katika nyumba ya mfano, na kamera ziwepo. Mkurugenzi akachagua nyumba ya Fundi Saa, iliyokuwa ndani kabisa ya vichochoro, kuta nene kama za gereza, madirisha ya mbao na roshani inayotazama uwanja wa zamani. Akaamua kutangulia Alhamisi kufanya tathmini ya awali. Tathmini hiyo, moyoni mwake, ilikuwa na sura ya chumba cha mbele, mto laini, na mayai yaliyokaangwa apendavyo. Ofisi akamwachia Naibu wake, kijana mnyenyekevu aliyembebea mafaili kwa miaka bila kuuliza yana nini.

Mlango ulifunguliwa na Mama Mwenye Nyumba, mke wa Fundi, mikono ina unga.

"Umechelewa," alisema. "Na mkate hukupitia?"

Mkurugenzi alidhani amefananishwa. Akakohoa, akataja cheo chake chote, pamoja na uenyekiti wa kamati. Mama alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akamwomba radhi na kumwambia cheo hicho akiache nje, ndivyo waraka unavyotaka. Mlango wa jirani ulikuwa na kufuli la serikali, naye hakutamani kufuli la namna hiyo. Begi la Mkurugenzi aliliangalia tu, wala hakuligusa.

Nafasi za undugu, alieleza, zilikuwa zimekwisha. Mjomba mwenye busara alikuwa mwalimu mstaafu wa chumba cha mbele. Shangazi alikuwa muuguzi aliyekuja kupumzika. "Imebaki moja tu. Mdogo wake mume wangu, yule asiye na kazi."

Mkurugenzi aliuliza kama lazima awepo.

"Ukoo uakisi hali halisi, shemeji," alijibu Mama. "Mimi sijaona ukoo usio na mtu huyo."

Alisema bila kutabasamu. Mkurugenzi alimchunguza usoni kutafuta dhihaka, akakuta utii mtupu. Angefanya nini? Maneno yalikuwa yake mwenyewe, na muhuri wake.

Akaonyeshwa ngazi. Chumba cha mdogo wake Fundi kilikuwa chini ya ngazi hizo hizo, pamoja na saa za ukutani zinazosubiri kutengenezwa, kila moja ikipiga wakati inaoutaka. Boriti ya mlango ilikuwa ya kihistoria na ya chini mno, ikampokea kwa kumgonga kipaji cha uso.

Jioni mezani alikutana na mama yake. Huyu alikuwa Bibi, mama mzazi wa Fundi, ajuza mwembamba mwenye macho makali, aliyeambiwa na mkaza mwanawe kwamba kitinda mimba wake amerudi. Bibi hakuwahi kuwa na kitinda mimba. Hata hivyo alimtazama yule mtu mzima kuanzia utosini hadi kwenye viatu vyake vya kung'aa, akampokea palepale, na kazi ya kumlea akaianza kabla supu haijapoa. Alimuuliza kwa nini amenenepa hivyo hali hafanyi kazi. Alimnyang'anya simu kwa kuwa mezani hapazungumzwi na wasiokuwepo. Fundi Saa, mtu wa maneno machache, alisimulia taratibu habari za watu fulani wa rika la mdogo wake ambao sasa wana nyumba zao. Mwalimu mstaafu, kwa nafasi yake ya mjomba, alikubaliana naye na kuongeza chumvi. Muuguzi alisema hata yeye aliwahi kumtafutia kazi, akaikataa. Mkurugenzi hakuwa amemwona muuguzi yule maishani mwake, lakini alijikuta anaona aibu.

Asubuhi alisimama kwenye foleni ya bafu, wa mwisho, akapata maji yaliyobaki. Kisha akatumwa kubadilisha mtungi wa gesi. Alipokuwa anauburuta kichochoroni, kinyozi alitoa kichwa dirishani na kuuliza kama yeye ndiye yule mdogo wake Fundi anayelala tu. Habari zilikuwa zimefika. Mkurugenzi aliweka mtungi chini amweleze kinyozi yeye ni nani hasa, na kinyozi akamsikiliza kwa huruma, akamshauri asikate tamaa, kazi zipo, tatizo watu wanachagua.

Alipofanikiwa kuiiba simu yake kutoka kwenye kapu la ushonaji la Bibi, alimpigia Naibu na kumtaka amtumie dereva upesi.

"Mkuu, ukiondoka leo magazeti yataandika kwamba waraka umemshinda mwandishi wake," Naibu alisema kwa unyenyekevu. "Vumilia. Jumamosi ni kesho tu."

Ilikuwa kweli. Akavumilia. Kesho, mbele ya Waziri, angejitambulisha, na familia hii ingejua ilikuwa inamtuma nani gesi.

Jioni ile lilitokea jambo ambalo hakulitia kwenye tathmini. Alikuwa amekaa jikoni akimenya viazi, viatu kavua, na Bibi akaona soksi yake imetoboka kidole. Alimwambia avue. Akatafuta sindano, akaiziba ile soksi polepole, huku akimsema kwamba mwanamume mzima anatembea kama hana mama. Mkurugenzi aliishi peke yake katika nyumba kubwa ya serikali. Ofisini watu wengi walimtazama viatu, hakuna aliyejua habari za soksi. Akamenya viazi vingi kuliko vilivyohitajika.

Jumamosi aliamka na kukuta suti yake haipo. Bibi alikuwa ameifua. Ilining'inia kwenye kamba darini ikichuruzika maji, tai pia, na Waziri alikuwa tayari anapanda kichochoro na msafara wake. Ikabidi avae shati kuukuu la Fundi, lililomwacha kitovu wazi, na Mama akamkabidhi birika.

Waziri aliingia akiwa amekunja mikono ya shati kwa ajili ya kamera. Nyuma yake alikuwa Naibu, ndani ya suti mpya. Mama Mwenye Nyumba aliwapokea bila kumwita mtu yeyote mheshimiwa, akamweleza Waziri kwamba yeye amepangiwa kuwa mjomba wa mjini, yule anayeahidi. Waziri, aliyesikia neno mjomba tu, alifurahi sana, akaahidi kuwajengea barabara.

Mkurugenzi aliona wakati umefika. Aliweka birika mezani, akavuta shati likashindwa kushuka, akasema, "Mheshimiwa, mimi ndiye Mkurugenzi wako wa Ukarimu."

Bibi alishusha pumzi.

"Ndivyo anavyosema tangu juzi," alimwambia Waziri. "Hajatulia akili kwa kukosa kazi. Msaidie mdogo wako huyu."

Mkurugenzi alimgeukia Naibu. "Mwambie mimi ni nani."

Naibu alimtazama kwa makini, kwa muda, jinsi mtu anavyotazama kiti kizuri. Akasema kwamba waraka uko wazi: ndani ya nyumba hii vyeo havitambuliki, na yeye kama mtumishi mwaminifu hawezi kuuvunja mbele ya Waziri. Anachoweza kusema ni kwamba huyu bwana ni mdogo wake Fundi. Waziri akauliza, basi Mkurugenzi mwenyewe yuko wapi siku kubwa kama hii? Naibu akainamisha macho na kujibu kwa masikitiko kwamba hajaonekana ofisini tangu Alhamisi.

Mambo yalikwenda haraka, maana kamera zilikuwa zinapiga. Waziri alilaani uzembe. Akamteua Naibu kukaimu papo hapo, na kuagiza Mkurugenzi mtoro aandikiwe barua ya kufukuzwa, akabidhiwe mkononi, na akishaipokea tu, Naibu athibitishwe. Kisha, kwa moyo wa huruma unaoonekana vizuri kwenye picha, akamshika bega mdogo wake Fundi na kumpa ajira: awe tarishi katika ofisi hiyohiyo ya Ukarimu. Bibi alilia machozi kabisa. Nyumba ikatangazwa ya mfano, isisumbuliwe na mkaguzi yeyote, na Fundi Saa akaomba jirani yao naye afunguliwe kufuli. Waziri akaahidi, na kwa kuwa Mama alishikilia sukari yake mpaka asaini, safari hii alitekeleza.

Wageni walipoondoka, Mkurugenzi alimuuliza Mama kama kweli hakujua.

"Nilijua sana, shemeji," alisema huku akikusanya vikombe. "Waraka wako ndio ulionikataza kujua."

Jioni alikwenda kwenye nyumba ya serikali, na mlinzi, ambaye alikwisha kuitazama taarifa ya habari, akamwambia kwa upole kwamba humu anaingia Mkurugenzi tu, naye anatafutwa. Akarudi chini ya ngazi. Bibi alikuwa amemwekea chakula, na kinyozi alikuja kumpongeza.

Jumatatu akaripoti kazini. Barua ya kwanza kupewa ilikuwa ya Mkurugenzi mtoro. Aliizungusha vyumba vyote kwa bidii, akauliza kila mtu, na watumishi waliomjua miaka yote wakajibu, macho yakiwa juu ya meza, kwamba hawajamwona. Akairudisha kwa Kaimu na kuandika juu yake kwa hati nzuri: hajulikani alipo.

Kaimu alitabasamu, akaagiza ipelekwe tena. Ikapelekwa tena wiki ile, na iliyofuata. Bila barua kupokelewa hathibitishwi. Na ili ipokelewe, mtu mmoja katika jengo lile lazima akiri kwamba tarishi ndiye Mkurugenzi, na kwamba Naibu alimdanganya Waziri. Kaimu akaanza kukonda. Kiti kile kizuri alikikalia kwa nusu, kama mtu anayesubiri basi. Tarishi yeye alinawiri, alitoka kazini kwa wakati, na soksi zake zilikuwa nzima.

Siku moja Kaimu alifunga mlango wa ofisi, akasogeza barua mezani.

"Ipokee," alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba, kaka. Weka saini tu tuyamalize."

Tarishi aliinama, akalisoma jina kwenye bahasha kwa uangalifu, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kikazi.

"Huyu simfahamu, mkuu," alisema. "Ila nikimwona nitamwambia unamtafuta."

Akaichukua barua, akaitia kwenye mkoba, akatoka kuendelea na msako.