Mabati Yangu na Baridi ya Misri

Jumatatu, 4 Februari 1957

Joto. Tangu saa nne asubuhi mabati yanalia ta, ta, ta, kama mahindi kwenye kikaango. Ndani hakukaliki. Naandika nikiwa nje, kivulini mwa nyumba niliyoijenga ili nikae ndani.

Hii ndiyo nyumba ya kwanza ya mabati hapa kijijini, ukiacha ya misheni na ya duka. Ng'ombe watano walikwenda. Siku lori lilipoleta mabati watu walikuja kuyagusa. Leo hayagusiki.

Mke wangu Gati amerudi kwao Nyanungu tangu juzi. Amembeba mwanetu Heche mgongoni, miezi minne tu, mwili mzima vipele vya joto. Hakugombana. Heri angegombana. Alisema kwa upole, baba Heche, nitarudi siku mtoto atakapoweza kulala mchana ndani ya nyumba hii bila kulia. Kabla ya hapo nisitume mtu. Nimeumia sana. Nyumba nilimjengea yeye. Na Wangwe aione, sikatai, lakini hasa yeye.

Wangwe ni jirani yangu. Ng'ombe arobaini, paa la nyasi, ulimi mrefu. Leo ameniuliza kama ni kweli nimeanza kazi ya kukausha samaki.

Dada Rhobi naye amekuja. Anasema nihamie nyumba ya marehemu mama, ile ya nyasi nyuma ya zizi, imekaa tupu na ndani yake hakuna joto. Nimemjibu kwamba mtu aliyenunua mabati harudi kwenye nyasi. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu mwenyewe hajafika hata Musoma.

Jumanne, 5 Februari

Nimekumbuka Misri!

Wakati wa vita, nilipokuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, tulipiga kambi karibu na nyumba ya mzee mmoja wa huko. Jua la kule ni adui. Lakini ndani kwa mzee ungetamani koti. Dirishani aliweka mitungi ya udongo inayotoka jasho, na mbele yake kitambaa kibichi. Upepo ukipita, maji yanakauka, na yakikauka yanaondoka na joto. Alisema babu zake walifanya hivyo tangu enzi za Mafarao. Miaka kumi na minne nimebeba elimu hii kichwani bure.

Kitambaa sina. Nimekwenda dukani nikaomba magunia makuukuu. Mwenye duka alikuwa na manne ya chumvi, anataka kuyachoma. Nimeyachukua. Ametoka hadi barabarani kunitazama.

Tatizo ni maji. Mtoni ni mbali, na hapa kwetu mwanamume kubeba maji ni habari ya kusimuliwa miaka mitatu. Rhobi amekataa kabisa. Anasema yeye hanyweshi madirisha. Basi nimevaa koti langu la jeshi, debe begani, nikatembea kwa mwendo wa paredi, kushoto kulia, kushoto kulia. Wanawake mtoni waliniuliza kama vita vimerudi. Nikawajibu kwamba siwezi kusema. Hakuna aliyecheka mpaka nilipogeuka.

Jumatano, 6 Februari

Asubuhi: ushindi. Magunia mabichi kwenye madirisha manne. Upepo wa mlimani umeingia umepoa. Nimelala kitandani saa tano mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea chini ya mabati haya.

Mchana: nimeamshwa na ulimi.

Sikufikiria chumvi. Mimi, mtoto wa wafugaji, niliyejifunza kutembea kwa kushika mkia wa ndama, sikufikiria chumvi! Ng'ombe wa Wangwe walikuwa wanatoka mtoni. Wakanusa. Arobaini wote wakageuza njia wakaja kulamba nyumba yangu. Magunia mawili wameyala. La tatu limekwenda na ndama. Fahali mmoja aliingiza kichwa dirishani kutafuta zaidi, pembe zikanasa, akaondoka na fremu shingoni.

Wangwe amerudisha fremu jioni. Amesema nisiwakasirikie ng'ombe wake, angalau wamepatikana wa kuipenda nyumba hii. Niliingia ndani nikafunga mlango. Nilikaa kwenye joto lile kwa hasira kwa muda wa nusu saa, kisha nikatoka.

Alhamisi, 7 Februari

Nimeacha magunia ya chumvi. Nimepata ya kahawa, nimeyafua mara tatu na kuyalamba mwenyewe kwa uhakika.

Sasa mitungi. Sokoni yuko Teresia, Mjaluo, hodari wa kufinyanga. Nimemwambia nataka mitungi sita inayovuja. Akaniuliza ni nani amenituma kumtukana mbele ya wateja. Nikamweleza habari za Misri na Mafarao. Akasema mitungi yake haivuji, mitungi ya mama yake haikuvuja, na kama Mafarao walikuwa na mitungi inayovuja, basi ndiyo maana hawapo.

Tumeelewana baadaye. Ana mitungi ambayo haikuiva vizuri motoni, inatoka jasho, alikuwa anaificha kwa aibu. Ameniapisha nisimwambie mtu kwamba ni ya kwake.

Ijumaa, 8 Februari

Mitungi imejaa. Inatoka jasho safi kabisa. Mbele yake magunia ya kahawa yanadondoka. Nimefikiri kijeshi: baridi ikishaingia isiruhusiwe kutoroka. Nimefunga mlango. Nimefunga madirisha. Nimeziba matundu yote kwa matambara. Nimejilaza kitandani kuisubiri.

Saa saba mchana nyumba ilikuwa chungu cha ugali. Mvuke mtupu. Shati limeganda mgongoni. Sakafu ya udongo imelainika na miguu ya kitanda imezama, kwanza ya kichwani, nikabaki nimening'inia kama mbuzi anayechunwa.

Rhobi alinikuta hivyo. Alifungua madirisha ya upande wa mlimani, akaweka mitungi hapo, kisha akafungua mlango wa nyuma. Upepo ukaingia huku ukatokea kule. Nikahisi ubaridi shingoni. Ubaridi wa kweli!

Nimemweleza kwamba hilo ndilo nililokuwa nakusudia kufanya baadaye.

Jumapili, 10 Februari

Siku mbili nimejaribu. Kibuyu cha maziwa kimekaa ndani tangu asubuhi hadi jioni na maziwa hayajachacha. Madebe kumi na mawili kwa siku, mabega yamechubuka, lakini ndani ni Misri.

Baada ya kanisa nimempigia magoti Rhobi aende Nyanungu. Mimi siwezi kwenda ukweni mikono mitupu nikapige kelele za mitungi. Ameniuliza kama nina hakika. Nikasema mtoto atalala. Akafunga kanga yake vizuri akasema ataondoka alfajiri.

Jumanne, 12 Februari

Wamekuja!

Niliwaona kutoka mbali: Rhobi mbele, Gati nyuma yake, Heche mgongoni. Nilitupa debe nikaanza kukimbia kuwapokea. Kisha nikaona mtu wa nne, nyuma kidogo, mwanamke mzima mwenye kikapu kichwani na mwendo wa mtu mwenye ng'ombe wake duniani.

Mama mkwe. Nilijirusha migombani kando ya nyumba. Kwetu mtu hatazamani uso kwa uso na mama wa mke wake, wala haingii mahali alipo. Mtu anaweza kupita kwenye risasi, na mimi nimepita, lakini hilo hapana.

Nikiwa migombani nilisikia yote. Gati aliingia. Kimya. Akamlaza mtoto kwenye kitanda, jua likiwa utosini. Kimya. Nilihesabu pumzi zangu. Hakulia. Alilala saa mbili nzima, na mimi nilikaa kwenye majani makavu nikafuta macho kwa mkono wenye tope. Gati alitoka mlangoni akatazama upande wa migomba, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba baba Heche amefanya kazi nzuri. Sijawahi kupata medali, lakini nadhani huwa hivyo.

Alhamisi, 14 Februari

Mama mkwe hajaondoka.

Alikuja kumsindikiza binti na kuhakikisha habari za mtoto. Ameshahakikisha. Sasa amekaa. Rhobi ananiletea taarifa: anasema tangu azaliwe hajawahi kukaa kwenye nyumba tamu namna hii, magoti yake hayamuumi, usingizi anaupata mchana kama mtoto. Anamsifu sana mkwe wake, ambaye hamwoni.

Na hanioni kwa sababu siwezi kuingia. Suruali yangu nyingine iko ndani. Wembe wangu uko ndani. Mke wangu yuko ndani. Kitabu hiki kimepona kwa kuwa kilikuwa mfukoni mwa koti.

Maji bado nabeba mimi. Nayaweka nyuma ya nyumba, nakohoa mara mbili, narudi nyuma hatua ishirini, Gati anakuja kuyachukua. Ananitazama, mimi namtazama, debe katikati yetu. Leo alicheka. Nilitamani kumshika mkono. Kutoka ndani mama yake akauliza mbona dirisha la kushoto limekauka.

Wangwe amepita akaniambia, ndugu yangu Filemoni, nilijua umeoa, sikujua umeajiriwa.

Jumapili, 17 Februari

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema kitu juu ya mama mkwe. Nani ampe jembe, na ampe kupitia dirisha gani?

Jana dada yake naye amefika. Habari za nyumba zimefika Nyanungu. Sasa nina mama wakwe wawili ndani, na mimi nimehamia nyumba ya marehemu mama, kwa muda tu.

Nimetunga mpango. Rahisi, safi. Leo nilibeba madebe manne badala ya kumi na mawili. Nyumba ingepata joto, wazee wangekumbuka kwao. Saa saba mabati yakaanza ta, ta, ta. Nikatabasamu. Saa saba na robo Heche akaanza kulia. Gati aliniita kupitia ukutani. Alisema, baba Heche, upele wa mtoto ukirudi hata mmoja, tunaondoka sote na hatutarudi.

Nilikimbia mtoni bila koti la jeshi. Madebe manane kwa mkimbio. Wanawake walinipisha njia, hawakucheka, na hilo lilinitisha zaidi.

Jumanne, 19 Februari

Nimefikiri siku mbili. Nimepata jibu.

Nilifikiria vizuri kwa sababu nalala vizuri. Jambo la ajabu: katika nyumba hii ya mama mchana napitiwa na usingizi hadi saa tisa. Jana nilijifunika blanketi. Hakuna mtungi, hakuna gunia, hakuna debe. Sijui ni uchovu. Rhobi alisimama mlangoni akatazama paa la nyasi, akanitazama mimi, akatazama paa tena. Alingoja niseme kitu. Nikamwambia ananizibia mwanga, asogee.

Jibu ni hili. Gati hawezi kuhamia kwangu kwa sababu mke wa mtu mwenye mabati hawezi kulala kwenye nyasi mbele ya Wangwe. Ni aibu, na ninamwelewa. Kwa hiyo nimeuza mitamba miwili. Mabati yanakuja Jumamosi kutoka Musoma. Nyasi hizi zote naziezua. Nyumba itapata joto kali, mama mkwe hataweka hata kisigino, na Gati atakuja kwangu peke yake na mtoto.

Nimemweleza kupitia ukutani. Akauliza, na joto hilo kali, Heche atalala wapi mchana.

Nimemwambia mama Heche asiwe na wasiwasi hata kidogo. Nimeshamwagiza Teresia mitungi sita.