Kichane cha Ndizi Kilichokalia Kiti Changu

Melkizedeki Sumari,
Kikwe, Meru.

Kwa Mkuu wa Shule,
Sekondari yetu ya Kata.

Mwalimu Mkuu,

YAH: NDIZI KUPEWA KAZI YANGU KWENYE MAHAFALI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia kwa uchungu, ila kwa mwandiko mzuri.

Kwa miaka kumi na tisa nimepiga kinanda kila mahafali ya kidato cha nne. Ijumaa nilifika na suti yangu nikakuta mezani kichane cha ndizi nane, kila ndizi imechomekwa waya, waya zimeingia kwenye kidude na kidude kwenye kompyuta. Mwanafunzi akigusa ndizi, kompyuta inatoa sauti: do, re, mi, mpaka juu. Wahitimu wakaingia ukumbini kwa wimbo wa ndizi, mimi nimekaa na kinanda mapajani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mimi nilisailiwa na kamati siku nzima. Ndizi hizo zilikatwa Jumanne shambani kwa Loishiye, Ijumaa ziko jukwaani. Mgomba wao naufahamu vizuri, na hakuna aliyewahi kuimba katika ukoo ule.

2. Mgeni rasmi alinipita bila salamu, akashikishwa waya mkono wa kushoto, kwa wa kulia akaipa mkono ndizi ya so. Ikamjibu. Picha ikapigwa, na mimi kwenye picha hiyo ni kiwiko tu.

3. Mwalimu Najat wa Fizikia alinipa shikamoo ya heshima zote, kisha akanipa waya. Mkono mmoja niushike huo waya, mwingine nimshike sikio Lilian, mwanafunzi mpigaji, maana mikono yake ina kazi, umeme upate pa kuzungukia. Nilipoachia kwa hasira, ndizi zikanyamaza, na wazazi wakanitazama kama mtu aliyemziba mtoto mdomo.

4. Mke wangu Marta sasa hamenyi ndizi za mtori kabla ya kugusa kila moja na kutega sikio. Chakula kinachelewa. Juzi moja ilikaa kimya, akasema hiyo ni ya kwangu.

Kwa hiyo naomba kichane hicho kiitwe mbele ya Bodi, kisailiwe, kisha kipelekwe jikoni. Mwalimu Najat ahamishiwe Uraia, somo lisilopitisha umeme. Nami nirudishiwe kiti changu, kwa sababu bila kiti kile mimi ni mzee mwenye suti, basi.

Wasalimie walimu wote, wapishi, mlinzi na wahitimu popote walipo. Kichane sikisalimii.

Wako mwenye nota zake,
Melkizedeki Sumari

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi, Mchungaji, Kichane husika, kwa taarifa.

Tanbihi: Jana mchana, wanafunzi wakila, niliingia maabara kukusanya ushahidi. Mwalimu Mkuu, kuna jambo ambalo hata Marta sijamwambia. Tangu masika ya mwaka juzi vidole vyangu vimekakamaa, ndiyo maana mmekuwa mkisikia nyimbo zilezile mbili. Kinanda kinataka kubonyezwa. Ndizi inataka kuguswa tu. Waya niliushika kwa meno, nikapiga wimbo mzima, beti zote nne, nikalia pale pale. Mwalimu Najat asiguswe. Naomba anifungie kichane kingine nyumbani, kiwe kibichi, maana ile fa ilikuwa imeiva na nimeila. Leo namweleza Marta kila kitu. Waya atashika yeye, na sikio langu amelizoea.