Kipima Oksijeni cha Bei ya Soksi

Jumatatu, 3 Machi
Kimekamilika! Taa ndogo ya buluu, kipande cha plastiki nilichokipaka rangi maalumu, na kamera ya simu yangu ya zamani. Taa ikimulika, rangi inang'aa nyekundu, na mng'ao unaeleza oksijeni ya majini ni kiasi gani. Dukani kifaa kama hiki ni bei ya pikipiki. Changu, bei ya soksi. Dada ameniruhusu nikijaribu kwenye bwawa lake la samaki. Sharti: wakifa kabla mnunuzi hajaja Ijumaa, nihame stoo yake ninamolala, na godoro langu. Nimecheka sana.

Jumanne, 4 Machi
Mlinzi wa bwawa ana wivu. Yeye hupima oksijeni kwa kuchuchumaa na kutazama! Anadai samaki wakikosa pumzi huja juu wenyewe, simu ya nini. Nikamwuliza amesoma hadi wapi. Akaniuliza mimi nalala wapi. Wataalamu hatubishani na kila mtu.

Jumatano, 5 Machi
Asubuhi mng'ao hafifu, yaani oksijeni kidogo. Roho juu! Jioni, mlinzi alipoondoka, nikazima pampu ya hewa nione. Mng'ao ukapanda! Kumbe pampu ndiyo iliyokuwa ikiifukuza oksijeni. Nimeiacha imezimwa. Dada kafurahi umeme utapungua, kaniongezea nyama.

Alhamisi, 6 Machi
Alfajiri samaki wote juu, midomo wazi. Nilidhani wanashangilia. Mlinzi na dada wakaja mbio. Mlinzi akanipiga kikumbo, akawasha pampu. Mng'ao ukaanza kushuka. Nikapiga kelele wazime, oksijeni inakwisha! Mlinzi akaokota karatasi ya maelezo iliyokuja na rangi, akamsomea dada: oksijeni huufifisha mng'ao, ukiwaka sana, hewa hakuna. Amesoma, kumbe.
Wamekufa thelathini na wawili. Dada hakunifokea. Aliwaokota mmoja mmoja. Niliona aibu, kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Mnunuzi kachukua waliobaki. Mlinzi anakitumia kipimo changu kila saa, eti kinafanya kazi vizuri sana. Mwizi! Godoro langu liko nje, limeegemea ukuta.
Nimetafakari. Kosa ni la rangi: kifaa chenye akili kingewaka mambo yakiwa mazuri. Nimeagiza rangi nyingine. Karatasi yake ya maelezo nitaitupa, karatasi hizi zinachanganya watu tu. Shangazi ana kuku mia mbili bandani, nao wanapumua. Nimempigia simu kwamba nakuja, na asiwe na wasiwasi: madirisha nitayaziba mwenyewe.